Wawili na Msafara: Kitabu cha White na Nchi ya Ikoma

Watu wawili wanapokata shauri kwenda safari ndefu ya miguu, msomaji wa habari zao hupenda kujua kwa nini wanakwenda, na nani kati yao aliyemshawishi mwenzake. Swali jingine, nalo si dogo, ni nani atakayebeba mizigo. Vitabu vya safari za bara la Afrika vilivyoandikwa na wageni aghalabu hulijibu swali la kwanza kwa kurasa nyingi, la pili kwa mistari michache, na la tatu hulipita kama mtu apitaye kaburi usiku.

Kitabu cha Stewart Edward White kilichotoka Marekani mwaka 1915 kwa jina la The Rediscovered Country, yaani Nchi Iliyovumbuliwa Upya, ni mfano bora wa jambo hilo. Chafaa kutazamwa na wasomi wa Kiswahili, maana nchi inayosimuliwa humo, kwa sehemu yake kubwa, ndiyo hii ya Ikoma na majirani zake, ambayo leo imegawanyika kati ya Wilaya ya Serengeti katika Mkoa wa Mara na Hifadhi ya Taifa inayopakana nayo. White alikuwa Mmarekani, mtungaji wa riwaya na habari za misitu. Rafiki yake, R. J. Cuninghame, alikuwa Mskochi na mwindaji mashuhuri, yule yule aliyeongoza msafara wa Theodore Roosevelt mwaka 1909. Walikuwa wamekwisha kutembea pamoja katika safari ya kwanza ya White, ambayo habari zake zilichapishwa mwaka 1912. Basi walipoondoka upande wa Nairobi mwaka 1913 kuelekea kusini, kuvuka mpaka na kuingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, hawakuwa wageni wao kwa wao. Kila mmoja aliujua mwendo wa mwenziwe.

Sababu ya safari hiyo ilikuwa pengo katika ramani. White aliamini kwamba wawindaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wamepita kushoto na kulia kwa nchi ile bila ya kuiingia, wengine kwa kudhani kwamba ni kavu, wengine kwa kuwa mpaka wa dola mbili uliikata njia. Pengo hilo likamtia hamu. Hapa ndipo ufundi wa kitabu unapoonekana, maana si rahisi kumfanya msomaji aitamani safari ya jua, vumbi na mbung'o. White anaweza. Anaisimulia nchi iliyoungua kwa moto wa nyika, hatua kwa hatua, hata msomaji anaona kiu. Kisha ghafla anamfikisha penye mto na miti ya kijani na wanyama wasiohesabika. Ukurasa huo umenukuliwa mara nyingi na waandishi wa habari za Serengeti waliokuja baada yake, na si bure. Hauna majivuno wala haukupambwa kupita kiasi. Ni mtu aliyechoka anayesema alichokiona.

Tena, kuhusu urafiki, White ni mwandishi mwenye adabu. Hamgeuzi Cuninghame kuwa kikaragosi cha kuchekesha wala shujaa wa hadithi. Mtu aliyewahi kutembea siku nyingi na mwenziwe anajua kwamba urafiki wa njiani ni kitu cha kimya: nani anatangulia, nani anasubiri, nani asiulizwe neno kabla hajanywa chai. Kitabu kinalijua hilo. Laiti kungekuwa na watu wawili tu njiani, tahakiki ingeweza kukoma hapa kwa sifa.

Lakini hawakuwa wawili. Msafara wa siku zile haukuweza kwenda bila wapagazi, wapishi, watunza punda, wachukuzi wa bunduki na mnyapara wa kuwasimamia. Katika nchi ya Waingereza mzigo wa mpagazi ulihesabiwa kuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi, mbali na vyombo vyake mwenyewe na posho yake. Hema ambamo marafiki wawili waliongea jioni lilifika pale juu ya kichwa cha mtu, pamoja na maji, risasi, na hata daftari ambalo White aliandikia habari zake. Katika vitabu vya namna hii neno "sisi" hubadilika maana kila linapotokea. Likihusu uamuzi, ni watu wawili. Likihusu kutembea, ni watu wote. Likihusu kuona na kustaajabu, ni wawili tena. Msomaji akizitia alama hizo "sisi" kwa penseli, atajifunza juu ya safari za zama hizo zaidi ya anavyoweza kujifunza kwa kusoma dibaji.

Haitoshi kusema kwamba White hakuweza kuona. Katika kitabu chake cha 1912, The Land of Footprints, alikuwa amemchora mchukuzi wake wa bunduki, mtu aliyemwita Memba Sasa, kwa uangalifu ambao ni nadra katika maandishi ya wawindaji. Anaeleza ujuzi wake wa nyayo, ukali wake juu ya kazi, na heshima aliyojiwekea. Anaeleza hata jina lake, kuwa maana yake ni "mamba sasa", na anaongeza kwa mzaha kwamba alijaribu kujua mtu huyo alikuwa nini kabla hajawa mamba, asifanikiwe. Mzaha huo una haya ndani yake. Mwenye kuuandika anajua kwamba upo mlango ambao hakuufungua. Basi mkono ulioweza kumchora mtu mmoja hivi, ungeweza kuwachora na wengine. Pengo linalohusika hapa halikuwa katika kipaji cha mwandishi. Lilikuwa katika desturi ya aina ya kitabu alichokitunga: hadithi ya marafiki wawili katika nchi tupu. Katika hadithi hiyo mtu wa tatu hana kiti.

Hilo la nchi tupu linataka kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndilo lililobeba jina la kitabu. Neno "upya" lina haki kidogo, maana Oscar Baumann, Mwaustria, alikuwa amekwisha kuivuka Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, naye aliwaona Wamasai wakifa kwa njaa baada ya ng'ombe wao kumalizwa na sotoka. Lakini Baumann naye alipita katika nchi za watu. Katika upande wa magharibi wa Serengeti wanakaa Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na wengineo, na kaskazini, ng'ambo na ng'ambo ya Mto Mara, Wakuria wa Tarime ambao mstari wa mpaka uliwagawa na ndugu zao wa Kenya. Mstari ule ambao White aliuvuka kama mtu anayeingia katika nchi isiyojulikana ulikuwa umepita katikati ya koo.

Ni kweli kwamba alipopita aliona mahali pengi pasipo moshi wa nyumba. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Mara ya kusini na kuyatoa katika vitabu vya 2003 na 2007, ameonyesha kwa nini. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 nchi ile ilipigwa na misiba iliyofuatana: mashambulio ya Wamasai, sotoka, ndui na njaa. Watu wakayaacha makao yao ya zamani, wakajikusanya kwingine, na nyika ikarudi penye mashamba, na mbung'o wakaifuata nyika. Kwa hiyo mwaka 1913 White hakufika katika nchi ambayo haijapata kukaliwa. Alifika katika nchi ambayo watu walikuwa wameihama kwa muda usiozidi umri wa kijana wa miaka ishirini.

Na njaa moja ya wakati ule ina jina. Wazee wa upande wa Serengeti waliiita Njaa ya Miguu, kwa kuwa watu waliokoka kwa kutembea hadi Usukuma kutafuta chakula. Mhakiki wa fasihi hana budi kusimama mbele ya jina hilo. Hapa pana safari ndefu ya miguu, ya watu waliokwenda na wenzao, katika nchi ile ile aliyoisimulia White, takriban miaka ishirini kabla yake. Na habari yake yote imefungwa katika maneno matatu. Njaa nyingine katika Afrika ya Mashariki zimepewa majina ya vyakula vilivyoliwa kwa shida, au ya wadudu, au ya watawala. Hii ilipewa jina la kiungo cha mwili. Waliochagua jina hilo walikuwa watungaji. Walijua kipi cha kusema na kipi cha kuacha, na hawakuhitaji dibaji kueleza kwa nini waliondoka.

Shauri la safari kama ile lilikatwaje? Masimulizi, kama yalivyoandikwa, hayaingii sana moyoni mwa mtu mmoja mmoja, na huo ni upungufu wao ambao si vema kuuficha kwa ajili ya kuyapenda. Msimulizi husema waliondoka, wakafika, wakapokewa au wakakataliwa. Hasemi kwamba fulani alilala macho usiku kucha, wala kwamba ndugu wawili waligombana mlangoni, mmoja akitaka kwenda na mwingine akitaka kungoja mvua. White, katika jambo hili, anawashinda wazee: anajua kuufungua moyo wa mwenye kusita. Walakini masimulizi yana kitu ambacho White hana. Ndani yake hakuna mtu anayeamua peke yake, wala hata wawili wakaamua kana kwamba ulimwengu una watu wawili. Shauri ni la nyumba, la rika, la ukoo, na mwenzi wa njiani ni mtu ambaye wengine pia wanamjua na watamdai habari atakaporudi.

Kisa cha asili ya Wanata kinaonyesha jambo hili kwa namna nyingine. Nyamunywa, mwindaji, alikuwa porini akifuata mnyama, akafika kwa mwanamke mkulima, Nyasigonko, aliyekuwa na maji na nafaka. Kutoka kwao ndiko Wanata wanakohesabu mwanzo wao. Kisa ni kifupi, na wasomi hukitumia zaidi kueleza jinsi uwindaji na kilimo vilivyooana katika nchi ile. Lakini kikisomwa kama hadithi ya safari, kinageuza mpango wa White. Kwa White, mwenzi hupatikana kwanza, kisha njia. Katika kisa cha Wanata njia inatangulia, na mwenzi ni yule anayekutwa mwisho wa kiu. Mwenyeji ndiye mwenzi. Nchi yenye maji ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa amekaa pale akipanda.

Simulizi za Wakuria, kama za Wakisii walio majirani zao, hupenda kuanzia mbali zaidi, Misiri, na kushuka hadi milima ya Tarime ukoo kwa ukoo. Kitabu cha Chacha, Historia ya Abakuria na Sheria Zao, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1963, ni cha jamii ya vitabu vilivyoandikwa na wenyeji ili habari kama hizo zisipotee. Msomaji anayetafuta humo utamu wa njiani hataupata. Si kazi ya kitabu hicho. Lakini ni vema kiwekwe mezani kando ya kile cha White. Tofauti ya miaka kati yao haifiki hamsini, na mmoja anaitazama nchi kama isiyo na habari, na mwingine anahofu kwamba habari zake ni nyingi kuliko watu waliobaki wa kuzisimulia.

Njia zenyewe zilikuwapo. Waikoma na majirani zao, walipokuwa wakijirudishia mali baada ya misiba, walitembea hadi Usukuma wakiuza mikia ya nyumbu na vitu vingine vya porini, wakarudi na mifugo. Mtu anayekwenda safari ya namna hiyo haendi peke yake. Porini pana simba, na penye soko panatakiwa shahidi. Bila shaka wawili wawili na watatu watatu walikaa jioni wakapatana nani aende na nani abaki kulinda mji. Mapatano hayo hayakuandikwa. Wala hayakuwa ya kuvumbua kitu, ila ya kurudi na mbuzi.

Wasomaji wa Kiswahili hawana haja ya kutafuta kipimo mbali. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, maandishi ya watu wa pwani waliosimulia safari zao wenyewe. Selemani bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya biashara kwenda bara, na ukurasa baada ya ukurasa unahusu mali, hongo, majumbe wenye tamaa, na wenziwe walio salama au walio taabuni. Selemani si mwema kuliko White. Ni mfanyabiashara, naye huwatazama watu wa bara kwa jicho la pwani, jicho ambalo halikuwa na haya daima. Hata hivyo hawezi kuandika kana kwamba nchi ni tupu, kwa sababu kila siku anapaswa kumlipa mtu ili apite. Hongo, ambayo wasafiri wa Ulaya waliilalamikia sana, ilikuwa na faida moja katika fasihi: ilimlazimisha msafiri kumjua mwenye nchi kwa jina.

Katika kitabu hicho hicho yumo Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake wa Kijerumani mwaka 1896 kupitia Urusi hadi Siberia. Hapo mambo yamepinduka. Mtumishi ndiye anayeshika kalamu, naye anaandika "tukaondoka", "tukafika", na ndani ya "tu" hiyo bwana na mtumishi wamefungwa pamoja, wapende wasipende. Ni Velten aliyewaomba watu hawa waandike, na msomaji lazima akumbuke nani alikuwa msomaji wao wa kwanza. Lakini hata baada ya kuondoa hayo, inabaki kwamba fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuwa na habari ya safari ndefu iliyoandikwa na yule ambaye, katika kitabu cha White, angekuwa nyuma ya mstari akibeba hema.

Watetezi wa White watasema kwamba yeye alikuwa mwindaji na mchora ramani, wala hakuahidi historia ya wenyeji. Ni kweli. Lakini msafiri hupimwa kwa anachodai, na White alidai nchi nzima katika jina la kitabu. Tena dai hilo halikulala kitabuni. Kitabu kilitoka wakati vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimekwisha kufika huku, na katika mwaka 1917 serikali ya Waingereza ikawakusanya wapagazi kwa nguvu kutoka pande zote za nchi ilizozishika. Makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi na njaa. Hao hawakukata shauri na rafiki. Ni watu wa kazi ile ile, mizigo ile ile, na kitabu cha 1915 hakikuwa kimemfundisha msomaji wake kuuliza majina yao.

Baadaye likaja jambo la hifadhi. Haiwezekani kumtwika White peke yake mzigo huu. Wengine walisema zaidi yake, na Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipoandika kitabu chao cha mwaka 1959 kuitetea Serengeti, walifikia watu wengi kuliko White alivyopata kufikia. Lakini sura ya paradiso isiyo na mtu, iliyochorwa na mtembeaji aliyechoka penye mto mwaka 1913, ilikuwa tayari kwa yeyote aliyetaka kuitumia. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Katika miaka ya 1960 pembe ya Lamai, kaskazini ya Mto Mara, upande wa Tarime, ikaongezwa, na Wakuria waliokaa humo wakaondoka. Hifadhi imewaokoa nyumbu, na hilo si la kubishwa na mtu mwenye macho. Linalobishwa ni kwamba nyumbu walikuwa peke yao.

Kitabu cha White chafaa kufasiriwa kwa Kiswahili. Kisifupishwe wala kisisafishwe. Kitolewe kizima, pamoja na ramani yake, na kando ya kila jina aliloandika liwekwe jina ambalo watu wa Natta, Ikoma na Ngoreme wanalijua. Mfasiri atapata taabu katika mahali pamoja hasa: neno "sisi". Itambidi kila mara aamue kama aandike "sisi wawili", "msafara", au aliache lilivyo na kumwachia msomaji. Uamuzi huo mdogo, ukifanywa kwa uaminifu mara mia kadhaa, utakuwa tahakiki bora kuliko makala yoyote.

Na kitabu cha pili bado hakijaandikwa. Vijana wawili wa Mugumu wanaweza leo kukata shauri, kama White na Cuninghame, kuifuata kwa miguu njia ya Njaa ya Miguu kuelekea Usukuma. Kwanza watafika Mto Grumeti, nao watakuwa wamekwisha kukutana na mpaka wa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, yaliyotangazwa mwaka 1994. Ng'ambo yake ni hifadhi, na Mto Mbalageti uko ndani. Kutembea humo kwa miguu pasipo kibali na askari ni kosa. Wakitaka kuifuata njia ya babu zao bila kuvunja sheria, watapanda basi la kwenda Bunda, wazunguke kwa barabara kuu ya Lamadi, na kushuka Bariadi kutoka upande wa magharibi.